Nyumba Hii ni Shilingi Ngapi?

Mhadhara wa hadhara kuhusu thamani ya soko, ushahidi wake na haki ya mwenye nyumba



Kwa Mtanzania wa kawaida nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote atakazopata kumiliki. Huijenga kwa miaka mingi: mwaka huu kiwanja, mwaka ujao msingi, baadaye boma, kisha anasubiri apate fedha za kuezeka. Akishahamia, ile nyumba ndiyo akiba yake, ndiyo dhamana yake benki, na ndiyo urithi wa wanawe. Lakini muulize thamani yake, atakutajia bei aliyosikia kwa dalali, au atakuhesabia mifuko ya saruji na nondo alizonunua. Majibu yote mawili yanaweza kuwa mbali sana na ukweli.

Hoja yangu leo ni moja. Thamani ya soko ya nyumba hujulikana kwa ushahidi, na ushahidi wenyewe ni bei za kweli ambazo watu wamelipana mkononi. Tunapozificha bei hizo, kama tulivyozoea, tunajiharibia kipimo ambacho wenyewe tutakihitaji siku ya fidia, ya mkopo na ya mirathi.

Tarakimu iliyoamua umiliki

Kuna wakati katika nchi yetu kadirio la thamani liliamua nani abaki na jengo na nani alipoteze. Mwezi Aprili 1971 ilipitishwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Majengo yaliyokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambayo wenyewe hawakuwa wakiishi humo peke yao, yalichukuliwa na Serikali. Jengo lililokwisha kupita umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Siwarudishi huko ili tufufue mjadala wa siasa za wakati ule. Nataka tuone uzito wa tarakimu. Wenye nyumba wawili katika mtaa mmoja, mmoja akadiriwe pungufu kidogo ya laki na mwingine akadiriwe laki na ushei, waliamka asubuhi iliyofuata wakiwa watu wa hali mbili tofauti kabisa. Kalamu ya anayekadiria ina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwa miaka mingi baada ya hapo ardhi yenyewe ilihesabika kuwa haina bei. Mtu alifidiwa maendelezo yake, yaani nyumba, kisima, minazi na mikorosho, lakini udongo uliobeba vitu hivyo haukuhesabiwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya mtu katika ardhi aliyoipata kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ikakubali kuwa ardhi ina thamani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ikaandika jambo hilo miongoni mwa misingi yake: maslahi katika ardhi yana thamani, na thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala unaoyagusa. Kanuni za fidia za 2001 zikamalizia kwa kusema kuwa msingi wa kukadiria ni thamani ya soko.

Hilo lilikuwa badiliko kubwa. Lakini sheria ikishasema "thamani ya soko", inabaki kazi ya kulitafuta soko lenyewe lilipo na kulisoma.

Thamani ya soko ni kitu gani

Wathamini duniani kote wanakubaliana juu ya masharti ya msingi. Thamani ya soko ni kiasi kinachokadiriwa kwamba nyumba ingeuzwa, katika tarehe maalumu, kati ya muuzaji anayetaka kuuza na mnunuzi anayetaka kununua, wasio na udugu wala uhusiano wa kupendeleana, nyumba ikiwa imetangazwa kwa muda wa kutosha, na kila upande ukijua anachokifanya bila kushinikizwa.

Kila sharti lina sababu yake. Tarehe ni muhimu kwa sababu soko halisimami. Nyumba ya Kigamboni kabla ya daraja kufunguliwa Aprili 2016 haikuwa na thamani ile ile baada ya magari kuanza kuvuka bila kusubiri pantoni. Sharti la kutoshinikizwa lipo kwa sababu mtu mwenye mgonjwa anayehitaji upasuaji wiki hii ataikubali bei yoyote, na bei yake hutuonyesha shida aliyokuwa nayo kuliko thamani ya nyumba. Sharti la kutangaza lipo kwa sababu wanunuzi hawajui kilichopo mpaka waambiwe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika nyumba hata kizuri lazima kitembezwe, tena kwa miezi, hadi mnunuzi anayekihitaji zaidi apatikane.

Kwa hiyo vitu vitatu tusivichanganye. Bei ni kile kilicholipwa kweli katika mauzo fulani. Gharama ni kile kilichotumika kujenga. Thamani ni makadirio ya kile ambacho soko lingelipa. Mara nyingine vitu hivi hukaribiana. Mara nyingi havikutani.

Kulinganisha

Njia ya kwanza, na ndiyo Kanuni za 2001 zinayoitaja mwanzo kabisa, ni kulinganisha na mauzo ya karibuni ya nyumba zinazofanana. Niifanye mbele yenu kwa hesabu ya ubaoni. Tarakimu ni za mfano tu.

Tuseme tunathamini nyumba ya Kibada, Kigamboni. Kiwanja ni mita za mraba 600, kimepimwa na kina hati. Nyumba ina vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, bati la migongo mipana, madirisha ya alumini, ukuta na geti. Umeme upo, maji ni ya kisima, barabara ni ya vumbi.

Tunatafuta mauzo ya karibuni na kupata manne. Nyumba ya kwanza inafanana na yetu lakini iko kwenye lami, na imeuzwa milioni 110. Ya pili iko kwenye vumbi kama yetu, ila haina hati, ina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu; imeuzwa milioni 80. Ya tatu imeuzwa milioni 105, kiwanja chake ni mita za mraba 900. Ya nne, inayofanana kabisa na yetu, imeuzwa milioni 70.

Mtu mwenye haraka atajumlisha zote, atagawanya kwa nne, atasema milioni 91 na robo. Mthamini hafanyi hivyo. Anaanza kwa kuuliza habari za kila mauzo. Akiuliza, anagundua kuwa ile ya nne muuzaji alimuuzia mdogo wake, wakapunguziana. Bei hiyo ilitokana na udugu, kwa hiyo anaiweka kando. Zile tatu zilizobaki anazirekebisha ili zifanane na nyumba yetu. Kama soko la eneo hilo linaonyesha kuwa lami inaongeza kiasi cha milioni 12, basi ya kwanza inashuka hadi 98. Kama kukosa hati kunapunguza milioni 14, ya pili inapanda hadi 94. Kama mita moja ya mraba ya ziada huuzwa shilingi 30,000, zile mita 300 za nyumba ya tatu ni milioni 9, nayo inashuka hadi 96. Sasa tuna 94, 96 na 98. Mthamini anaweza kusimama na kusema milioni 96, na akiulizwa sababu, anazo.

Tazameni vizuri tofauti ya milioni 12 ya lami na milioni 14 ya hati. Zimetoka wapi? Mthamini hawezi kuzibuni mezani. Anazipata kwa kuchukua viwanja viwili jirani vilivyouzwa kipindi kimoja, kimoja kina hati na kingine hakina, kisha anatazama tofauti. Kwa hiyo ushahidi wa bei unahitajika mara mbili: kwanza kupata bei za kulinganisha, na pili kupata kiasi cha kurekebisha. Ukikosa bei za kweli, njia nzima inalegea.

Kodi ya vyumba

Njia ya pili hutazama kipato. Inaifaa sana ile nyumba tunayoiita ya Kiswahili, ambayo imejaa Magomeni, Mwananyamala, Manzese na Temeke: korido katikati, vyumba sita pande mbili, mlango wa nyuma unaotokea uani, na huko uani banda lenye vyumba vingine, jiko, choo na bafu. Nyumba hii ilijengwa ikifikiria mpangaji.

Tuseme ina vyumba tisa vya kupangisha, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 5,400,000. Lakini chumba hukaa wazi mpangaji akihama. Choo hunyonywa. Bati hutobolewa na kutu. Kuna kodi ya pango la ardhi na kodi ya majengo. Tukiondoa 1,400,000 kwa hayo yote, inabaki milioni 4 safi. Kama wanunuzi wa nyumba za namna hiyo eneo hilo wanaridhika na faida ya asilimia 8 kwa mwaka, thamani ni milioni 50.

Lakini mthamini hajamaliza. Anatazama kiwanja. Kariakoo imetufundisha jambo hili: tangu miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili zimevunjwa moja baada ya nyingine zikapanda ghorofa zenye maduka chini. Mnunuzi wa pale hakununua vyumba na uani. Alinunua ardhi na ruhusa ya kujenga juu. Mahali ambapo ramani ya mipango miji inaruhusu ghorofa na wanunuzi wa kuzijenga wapo, kiwanja chenye nyumba kuukuu kinaweza kuwa na thamani mara nyingi ya ile milioni 50. Kanuni ya fani ni kwamba mali inathaminiwa kwa matumizi yenye tija kubwa kuliko yote, mradi yaruhusiwe na sheria na yawezekane kifedha. Mjane anayemuuzia mwekezaji nyumba ya Kiswahili kwa kuhesabu kodi ya vyumba, pale ambapo mwekezaji anahesabu ghorofa, anapoteza urithi wa wanawe kwa kukosa taarifa ambayo mwenzake anayo.

Gharama ya kujenga

Njia ya tatu ni gharama: tunapima ukubwa wa jengo, tunazidisha kwa gharama ya kujenga mita moja ya mraba leo, tunatoa uchakavu, kisha tunaongeza thamani ya ardhi. Kanuni zinaiweka njia hii kwa mali za aina ya pekee zisizouzika sokoni. Msikiti, kanisa, shule, zahanati.

Lakini kuna nyumba pia. Nendeni Rombo, Marangu au Machame. Katika kihamba, yaani shamba la ukoo, utakuta nyumba kubwa ya kisasa iliyojengwa na mtoto wa pale anayefanya biashara mjini. Ametumia mamilioni mengi. Nyuma ya nyumba kuna migomba, kahawa na makaburi ya babu zake. Ile nyumba haiuzwi. Hata angetaka kuiuza, mnunuzi wa nje ya ukoo hapatikani kirahisi, na akipatikana hatalipa hata nusu ya gharama. Hapo soko halizungumzi, na gharama ndiyo kipimo pekee kilichobaki.

Hatari iko pale njia hii inapotumiwa mahali ambapo soko lipo na linaongea. Kuhesabu tofali ni rahisi kuliko kuuliza watu bei. Ndiyo maana taarifa nyingi za uthamini zinaelemea gharama. Matokeo yake nyumba ya kawaida iliyo katika mtaa unaotafutwa hukadiriwa chini, na jumba la fahari katika mtaa usiotafutwa hukadiriwa juu. Aliyekopesha kwa jumba lile ataujua ukweli siku ya mnada.

Yasiyoonekana kwa macho

Kabla sijafika kwenye kiini, niseme neno juu ya mambo ambayo rangi mpya na vigae vinaweza kuyaficha. Mwaka 2011, mwezi wa Desemba, mafuriko yalizikumba nyumba za bonde la Msimbazi, na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande. Nyumba ya bondeni wakati wa kiangazi hupendeza kama nyingine. Anayethamini lazima aulize majirani maji hufika wapi, na aangalie alama zake ukutani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Hifadhi ya barabara nayo ina mipaka yake. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya walishuhudia mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro zikibomolewa, nyingine zikiwa zimekaliwa kwa miaka mingi. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi, hata iwe nzuri vipi, mnunuzi anayejua hawezi kuilipia kama iliyo nje yake.

Kwa hiyo mthamini hutafuta karatasi kwa bidii ile ile anayotumia kupima vyumba. Hati ya miaka 33, 66 au 99, imebaki miaka mingapi? Mawe ya mipaka yapo mahali pake? Namba ya kiwanja kwenye hati ndiyo iliyo kwenye mchoro? Eneo kama Kibada, lililopimwa katika Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002, hurahisisha kazi hiyo. Makazi yasiyopimwa huifanya kuwa ngumu, na ugumu huo huingia kwenye bei.

Bei mbili

Sasa tufike penye maumivu. Nimesema njia bora ni kulinganisha bei za kweli. Bei hizo ziko wapi?

Kwa kawaida zingepaswa kuwa katika mikataba ya mauziano iliyopelekwa kwa Msajili wa Hati na kwenye majalada ya serikali za mitaa. Lakini wote tuliomo humu tunajua desturi. Muuzaji na mnunuzi wanakubaliana milioni 100. Mkataba unaandikwa milioni 40. Tofauti inalipwa pembeni. Wanafanya hivyo kupunguza kodi ya ongezeko la mtaji, ushuru wa stempu, na asilimia ambayo katika mitaa mingi huombwa ofisini ili muhuri upigwe, jambo ambalo halina msingi wa sheria. Ile milioni 40 inaingia jaladani na kubaki huko kama ushahidi rasmi wa bei ya mtaa.

Dalali anaijua bei ya kweli, lakini kwake taarifa hiyo ni biashara. Humpandishia mnunuzi na kumshushia muuzaji. Mwenye nyumba hana mahali pa kuthibitisha. Mthamini mwenye bidii anazunguka mtaani, anauliza, anapiga simu, anapima nani anasema kweli. Mthamini asiye na bidii anafungua jalada.

Serikali nayo imepunguza sababu ya kutaka kujua. Sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo mijini ilitaka majengo yatozwe kwa thamani, na mamlaka za miji ziwe na daftari la uthamini. Tumehamia kiwango kimoja cha nyumba za kawaida na kingine cha ghorofa, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU. Ukusanyaji umekuwa mwepesi, nakubali. Lakini tumepoteza msukumo wa kutunza daftari ambalo lingetuonyesha thamani ya nyumba mtaa kwa mtaa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayeumia

Anayeficha bei hudhani ameikwepa kodi tu. Tutazame anayebeba mzigo.

Kwanza ni mwenye kufidiwa. Barabara inapita, nyumba inachukuliwa. Tuseme thamani yake ya kweli ni milioni 60 na mwenyewe anaishi humo. Kwa Kanuni za 2001 anastahili pia posho ya usumbufu, ambayo ni thamani ya soko ikizidishwa kwa wastani wa riba ya amana za muda maalumu za miezi 12. Ikiwa ni asilimia 8, anapata 4,800,000. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba yake kwa miezi 36. Kama ni shilingi 250,000 kwa mwezi, ni milioni 9. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, tuseme 300,000. Jumla ni 74,100,000.

Sasa mthamini anakuta jaladani nyumba za mtaa huo ziliuzwa "milioni 40". Anaandika 40. Posho ya usumbufu inashuka hadi 3,200,000. Jumla mpya, hata bila kuigusa kodi ya nyumba, ni 52,500,000. Familia imepoteza 21,600,000, na aliyeipotezea ni jirani aliyeuza miaka miwili iliyopita akaandika bei ya uongo. Mfidiwa hana hata wa kumshtaki, kwa sababu ushahidi wa maandishi uko dhidi yake.

Pili ni mkopaji. Benki huomba taarifa ya mthamini yenye thamani ya soko na ile ya kuuza kwa shinikizo. Mkopo ukishindikana, nyumba inakwenda mnadani. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 133, inamlinda mkopaji hapa. Anayeuza dhamana ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana; akiuza kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za mali zinazofanana sokoni, inachukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Ni ulinzi mzuri. Lakini mkopaji ataonyeshaje wastani wa bei za sokoni, ikiwa mikataba yote ya mtaa wake inasema uongo? Kinga aliyopewa na Bunge inavuliwa na desturi yetu.

Tatu ni familia yenyewe. Ndoa ikivunjika, mahakama hugawa mali iliyochumwa pamoja. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za mke nyumbani zinatambuliwa kuwa mchango katika kuchuma. Lakini mchango huo hugeuzwa fedha kupitia thamani ya nyumba. Mume akionyesha mkataba wa manunuzi wenye bei ya uongo na nyumba ikathaminiwa kwa kulinganishwa na bei nyingine za uongo, mke anaondoka na sehemu ya namba ndogo. Katika mirathi ni vivyo hivyo: ndugu mmoja anayebaki na nyumba huwalipa wenzake mafungu yao kwa thamani iliyoandikwa, na wadogo walio mbali hawajui soko.

La kufanya

Nimalizie kwa mambo ya kutenda, kila mmoja kwa nafasi yake.

Wathamini wenzangu, tangu Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Na. 7 ya 2016 fani yetu ina Bodi na ina masharti. Taarifa yako ionyeshe mauzo uliyolinganisha, ulivyoyarekebisha, na yale uliyoyaweka kando pamoja na sababu. Taarifa yenye tarakimu moja ya mwisho bila njia iliyofikisha hapo haimsaidii hakimu, benki wala mwenye nyumba.

Wenye nyumba, mna haki ya kuuliza. Ukithaminiwa kwa fidia, uliza nyumba zipi zimelinganishwa na yako. Kumbuka kuwa taarifa ya uthamini wa fidia ina uhai wa miaka miwili tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aiidhinishe, na malipo yakichelewa kupita miezi sita riba inadaiwa. Tunza risiti, picha za ujenzi, hati, na mikataba ya wapangaji. Ukitaka kuuza, tafuta mthamini aliyesajiliwa kabla hujamsikiliza dalali.

Serikali yetu, nawaomba mambo mawili. Mosi, punguzeni gharama zinazomsukuma mtu kuficha bei. Muuzaji akiona kusema kweli hakumfilisi, atasema kweli. Pili, chapisheni bei za mauzo kila mwaka, mtaa kwa mtaa, bila majina ya watu. Mkulima anasikia bei ya mahindi redioni. Mwenye nyumba naye ajue kiwanja na nyumba ya vyumba vitatu vinauzwaje katika kata yake.

Nanyi wenyeviti wa serikali za mitaa, nimewaacha mwisho kwa sababu kalamu yenu iko karibu na ukweli kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mnawajua wauzaji na wanunuzi, na fedha zinahesabiwa mbele yenu. Msiombe asilimia. Na mkiletewa mkataba wenye bei ambayo nyote mezani mnajua si ya kweli, msiupigie muhuri. Bei mtakayoiandika kwa haki leo ndiyo itakayomtetea mwananchi wenu wa mtaa huo huo siku nyumba yake itakapochukuliwa, itakapopigwa mnada, au itakapogawanywa.